Ujira wa mbwa si hongo

Ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini. Methali hiyo niliijua kabla sijajua kutenga alifu na be, na kwa umri wangu wote, ambao sasa umepita miaka 50, nimeishika barabara. Sikucheza na mbwa hata siku moja. Nilipokuja kuwa na mbwa wangu mwenyewe nilimpiga, na nikadhani kwamba kumpiga huko ndiko kumfunza. Leo nataka kuwasimulia wasomaji yaliyonipata, kwani najua huku kwetu pwani si mimi peke yangu niliyekuwa na dhana zile.

Tuna shamba la minazi Takaungu, urithi wa marehemu baba. Kwa muda mrefu wezi walitutesa. Walikuwa wakikwea usiku, wakiangua, wakizifua nazi palepale chini ya mnazi, na asubuhi sisi hukuta makumbi. Mzee wa Kigiriama anayetulindia shamba aliniambia wazi: "Bwana, macho yangu ni mawili, na usiku yanataka kulala. Nipe mbwa."

Mimi nimesoma chuoni, na kwangu neno mbwa lilikuwa haliji peke yake, huja limeshikana mkono na neno najisi. Lakini kukuko chuoni tulisomeshwa kwamba afugaye mbwa pasi na haja hupungukiwa na thawabu zake kila siku, isipokuwa mbwa wa mifugo, mbwa wa kuwinda au mbwa wa shamba. Shamba lilikuwapo na haja ilikuwapo. Tukapata kijibwa cha rangi ya mchanga, masikio yamelala, nikakiita Doria.

Mashauri yakamiminika. Barazani petu hakuna hata mmoja aliyewahi kufuga mbwa, wala hakuna aliyekosa la kusema. Mmoja aliniambia mbwa wa ulinzi afungwe mnyororo mchana kutwa ili awe na hasira usiku. Wa pili akasema atiliwe pilipili katika chakula. Wa tatu, mzee ninayemheshimu sana, akaweka kikombe chake cha kahawa chini akasema: "Mbwa hana akili, ana hofu. Mpige mpaka ajue bwana ni nani."

Pilipili niliikataa. Yale mengine niliyafuata.

Siku moja nilifika shamba nikaambiwa Doria ameua kuku wa jirani. Kuku mwenyewe alikuwa ameuawa tangu asubuhi, nami nimefika adhuhuri. Nilimwita, "Doria, njoo!" Akaja mbio, mkia unacheza, maana tulikuwa hatujaonana juma zima. Nikamtandika kwa upongoo wa mnazi mpaka mkono ukachoka. Tangu siku hiyo nikimwita haji. Nami nikasema: mbwa huyu ni mkaidi.

Kisa cha pili ndicho kilichonivunja. Mjukuu wangu wa kike, wakati huo ana miaka sita, alipita karibu na Doria akiwa anakula. Mbwa akanguruma. Nilimwendea nikampiga, nikamwambia mwiko kumngurumia mtoto. Mara ya pili nikampiga tena. Mara ya tatu hakunguruma. Nilirudi mjini nikajigamba barazani kwamba nimemtia adabu.

Hata mwezi haukupita. Mtoto alipita palepale, mkononi ana muhindi wa kuchoma, na mbwa akamuuma mkono pasi na kutoa sauti yoyote. Hakunguruma, hakuonyesha meno, aliuma tu.

Nitapita haraka hapa, kwani hata leo silipendi kulikumbuka. Tuliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa robo saa nzima, kisha tukaenda hospitali akaanza sindano za kukinga kichaa cha mbwa. (Haya wasomaji wayashike hata wakiyasahau mengine yote: kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili karibu hakuna anayepona, lakini kuoshwa vizuri na kuchanjwa mapema huokoa.) Doria mwenyewe alikuwa amechanjwa. Alifungwa na kutazamwa siku kumi, akawa mzima. Mtoto alipona, akabaki na kovu. Binti yangu, mama wa mtoto, alinitazama akasema: "Baba, kwenye shamba lile mwanangu harudi." Akatimiza neno lake.

Barazani hukumu ilikuwa moja: auawe. Ati mbwa akishaonja damu ya mtu haachi.

HONI NA BREKI

Nina mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye kazi yake ni mbwa. Ni wale mbwa wa kunusa. Watu wengi wa Mombasa wamesikia kwamba bandarini mwetu wako mbwa wanaonusa makasha kutafuta pembe za ndovu. Kijana alipoichagua kazi hiyo, sisi wakubwa tulinuna. Nilipopatwa na msiba wangu sikumkumbuka mwingine ila yeye.

Alikuja, akatoa shikamoo, akanywa chai. Nilidhani ataniuliza habari za mbwa, kumbe aliniuliza habari zangu.

"Mjomba, alipokuwa akinguruma ulimfanyaje?"

"Nilimpiga, akaacha."

"Aliacha kunguruma, lakini hakuacha kuogopa kunyang'anywa chakula chake. Gari lilikuwa bovu breki, nawe ukaling'oa honi."

Nilinyamaza. Maana ya ngurumo, alivyonieleza, ni onyo. Mbwa anasema: sitaki, ondoka. Anayepigwa kwa kuonya hujifunza jambo moja tu, kwamba kuonya kuna fimbo, basi huacha kuonya. Na yule kuku? Nilimpiga kwa kosa la asubuhi, lakini mbwa hana daftari. Yeye aliunganisha fimbo na lile jambo alilolifanya wakati huo, nalo lilikuwa kuitika wito. Kwa hiyo mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, ndiye niliyemfunza asije nikimwita.

Akaniomba miezi mitatu. Siku ya pili alifika shamba na mfuko umejaa dagaa wakavu wasiotiwa chumvi, kila mmoja amekatwa vipande viwili. Nikacheka. "Unakwenda kumhonga?"

Naam, dhana hiyo ndiyo ya kwanza kwa kila mtu, nami nilikuwa nayo. Katika nchi yetu neno hongo tunalijua vizuri kuliko neno ujira, huenda ndiyo sababu hatuvitofautishi viwili hivi. Mpwa wangu alinitofautishia hivi: hongo hutangulia kazi. Humwonyesha mtu noti ndipo ainuke. Ujira hufuata kazi. Ukimtikisia mbwa dagaa ili aje, umemhonga, na siku huna dagaa hatakuja. Ukimwita akaja, na alipokwisha kufika ndipo mkono ukaingia mfukoni, umemlipa. Wale wanaosema mbwa wa zawadi hufanya kazi akiona chakula tu, aghalabu wamemwona mbwa aliyehongwa, wakaitia ila njia nzima.

Tena malipo hayawi kila mara kwa maisha yote. Mwanzo hulipwa kila tendo, upesi, kabla mbwa hajageuka kufanya jambo jingine. Akishalijua neno, hulipwa mara hii, mara ile asilipwe, kisha apewe vipande vitatu kwa pamoja. Nikauliza kama hapo hatakata tamaa. Kijana akanijibu kwa swali: "Mjomba, wavuvi wa mshipi hapa Takaungu hupata samaki kila wakitupa?" Hawapati, na alfajiri wapo majini.

Kwa kuwa malipo hayana budi kuwa ya upesi, na mkono una mwendo wake kufika mfukoni, alitumia kidoko. Alipiga kidoko kwa ulimi mara tu Doria alipofanya sawa, kisha dagaa akafuata. Baada ya siku chache sauti ile ikawa kama ahadi iliyoandikwa. Wazungu wengi hutumia kidude cha bati kinachotoa mlio, lakini ulimi hauuzwi dukani wala haupotei.

Nami nikapewa kazi ambayo sikuitazamia. "Anayeogopwa ni wewe," akaniambia, "basi dagaa utatupa wewe." Nikamkumbusha kwamba mimi ni mtu wa udhu. Akacheka. Wengi wetu tunadhani kufunza mbwa kwa wema ni lazima umpakate, akulambe uso kama tunavyoona katika sinema. Si lazima hata kidogo. Nilisimama hatua tano, nimevaa kikoi cha shamba, nikatupa kipande chini, naye akaokota. Mkono wangu ulikuwa mkavu na yeye mkavu, na tumesoma kwamba najisi haihami baina ya kikavu na kikavu. Mate yakinigusa, maji yako na mchanga uko. Mara saba, moja ya mchanga, na mambo yamekwisha. Katika miezi mitatu ile nililazimika kufanya hivyo mara mbili.

POMBOO HAPIGIKI

Nikiwa mtu wa vitabu, nilitaka kujua mambo haya yametoka wapi. Mpwa wangu akaniazima vitabu, na vingine nikavitafuta mwenyewe.

Ile njia ya fimbo ina historia yake. Mwaka 1910 Mjerumani mmoja wa polisi, Konrad Most, alitoa kitabu cha kufunza mbwa ambacho majeshi na mapolisi walikifuata kwa miongo mingi. Alizitaja zawadi naye, lakini nguvu ya njia yake ilikuwa katika kulazimisha: kamba ya shingo, kuvuta, kuadhibu. Kutoka jeshini njia hiyo ikaingia majumbani, na nadhani ndiyo iliyofika mpaka barazani kwetu bila kujua imetoka wapi.

Baadaye ikapata nguzo nyingine. Mwaka 1947 mtaalamu mmoja wa Uswisi, Rudolf Schenkel, aliandika habari za mbwa mwitu wa nchi za baridi, yule mkubwa ambaye huku hayupo, aliowatazama wakiwa wamefungiwa katika bustani ya wanyama. Walikuwa wakigombana nani awe juu. Watu wakasema: kumbe mbwa naye sharti awekwe chini ya mkubwa wake kwa nguvu. Mmarekani David Mech aliieneza fikira hiyo ya mkubwa wa kundi katika kitabu chake cha mwaka 1970. Lakini Mech huyohuyo alikwenda kuwatazama mbwa mwitu porini, miaka mingi, na mwaka 1999 akaandika kwamba kundi la porini kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao. Hakuna vita vya ufalme. Ni nyumba tu, kama nyumba zetu. Nilipenda kwamba mtu wa elimu aliweza kurudi na kusahihisha neno lake mwenyewe, jambo ambalo huku washairi hatulifanyi kwa wepesi.

Upande wa zawadi, mlolongo ni mwingine. Mrusi Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya usagaji wa chakula tumboni, aliona mbwa wake wakidondokwa na mate kabla ya chakula kufika, kwa sababu ya dalili zilizotangulia chakula. Hapo ndipo kidoko chetu kilipozaliwa. Mmarekani B. F. Skinner akaonyesha katika kitabu chake cha mwaka 1938 namna panya anavyorudia kugandamiza wenzo uliomletea chembe ya chakula.

Lakini kilichonikaa moyoni mimi, mtu wa pwani, ni habari ya pomboo. Katika miaka ya 1960 huko Hawaii bibi mmoja, Karen Pryor, alipewa kazi ya kufunza pomboo. Sasa pomboo utampigaje? Hana kamba shingoni, na ukimuudhi anakupa mgongo anazama zake. Hakukuwa na njia ila firimbi na samaki. Pomboo akifanya sawa, firimbi ililia, samaki akafuata, na wanyama wale wakafunzika mambo ya ajabu. Mwaka 1984 bibi huyo aliandika kitabu kilichowafanya wafunzaji wengi wa mbwa wajiulize: ikiwa pomboo hufunzika bila kupigwa, mbwa ana kosa gani?

Wala tusiende mbali hadi Hawaii. Hapa jirani, Morogoro, Tanzania, shirika la APOPO likishirikiana na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine limekuwa likifunza panyabuku tangu mwaka 2000. Naam, panyabuku, hawa wanaofukua mihogo. Hufunzwa kwa mlio na kipande cha ndizi kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na wengine kunusa vijidudu vya kifua kikuu katika makohozi. Mmoja wao, Magawa, alipelekwa Kambodia akagundua zaidi ya mabomu na vitu vya milipuko 100, na mwaka 2020 akavishwa nishani ya dhahabu na shirika la wanyama la PDSA la Uingereza. Alikufa mwaka 2022. Maisha ya watu yalitegemea pua yake, na pua hiyo ililipwa ndizi.

Hapa ndipo inapoanguka ile dhana kwamba njia ya zawadi ni mchezo wa vijibwa vya kupakatwa vya mabibi wa Kizungu, haifai kazi ya kiume. Mbwa wanaonusa pembe bandarini hulipwa mpira wa kuchezea. Mpira! Anayapita makasha mangapi, akipata anachokitafuta huketi kimya, na furaha yake yote ni kutupiwa mpira.

Na fimbo, je? Haifanyi kazi kabisa? Nitakuwa mwongo nikisema hivyo. Fimbo hukomesha. Mimi mwenyewe nilikomesha ngurumo. Swali ni nini kinabaki baada ya kukomeshwa. Mwaka 2009 madaktari wa wanyama wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walichapisha majibu ya wenye mbwa walioulizwa wamefanya nini na mbwa wamejibu nini. Miongoni mwa waliompiga mbwa ngumi au teke, zaidi ya 40 katika kila 100 walisema mbwa aliwageuzia ukali. Mwaka 2020 wachunguzi wa Ureno walitoa habari za mbwa 92 kutoka shule mbalimbali za mbwa. Walipima mate yao na kutazama miili yao, wakaona wale wa shule za adhabu wamejaa wahaka kuliko wale wa zawadi.

MANENO YA CHUONI

Nilipoyapeleka haya barazani nilipingwa, tena kwa hoja nzuri. Yule mzee wa kikombe cha kahawa aliuliza: "Hatukusoma sote Matni ya Abi Shujaa? Mbwa aliyefunzwa ni yule asiyekula alichokamata. Huyu wako analipwa kwa tumbo. Amefunzwa nini?"

Swali lilikuwa la haki, nami nililala nalo. Kweli tumesoma kwamba mawindo ya mbwa ni halali mbwa akiwa amefunzwa, na alama za kufunzwa ni kwamba akitumwa huenda, akikatazwa husita, akiua hali, na mambo hayo yawe yamerudiwa mpaka yamethibiti. Lakini nilipoyasoma upya niliona kitu ambacho miaka 40 sikukiona. Masharti yote ni ya kile anachokifanya mbwa. Hakuna sharti la kupigwa. Tena kutokula anachokamata mwenyewe ni jambo moja, na kupewa na bwana wake ni jambo jingine, kama karani asiyegusa sanduku la fedha lakini mwisho wa mwezi anapokea mshahara wake. Qurani yenyewe, katika Suratul Maida, inataja wanyama wa kuwinda ambao watu wamewafunza katika yale waliyofunzwa na Mwenyezi Mungu. Kumfunza mnyama kumehesabiwa kuwa ni elimu.

Nikawakumbusha pia kozi, ndege ambaye Waarabu wa Ghuba huwinda kwa yeye. Kozi hafunzwi kwa bakora, kwani ukimwudhi anaruka na umemkosa. Hufunzwa kwa nyama mkononi. Mzee akatikisa kichwa, hakusema ndiyo wala la, akaagiza kahawa nyingine.

Kuna neno jingine ambalo sikulisema barazani, nalisema hapa. Sisi wa rika langu tulipelekwa chuoni na wazazi wakamwambia maalim: nyama yako, mifupa yangu. Nilichapwa kwa henzerani, na nikajifunza. Lakini nikikumbuka vizuri, nilichojifunza kwa henzerani ni kumtazama maalim mkono, si kutazama msahafu. Juzuu Amma niliishika kwa bibi mmoja mtaani aliyekuwa akisomesha watoto ukumbini kwake baada ya alasiri. Ukimaliza sura bila kosa alikukatia kipande cha kashata. Hakuna aliyemwambia kwamba anatuhonga. Na sasa sina kashata, bibi amekwisha kufariki, na sura zipo.

Basi tuone Doria alifikaje. Wiki mbili za kwanza alikuwa akila dagaa akinitazama kwa pembe ya jicho. Hakuna aliyemkaribia akiwa anakula. Mpwa wangu alipita mbali na sahani yake, akatupia kitu kitamu zaidi, akaenda zake. Kila siku alikaribia kidogo, mpaka mbwa akawa akiona mtu anakuja huinua kichwa kwa kutazamia, hainui kwa hofu. Siku ya ishirini na kitu nilisogea kupita kiasi, naye akanguruma. Niliganda. Mpwa wangu, kwa mshangao wangu, alifurahi. "Honi imerudi," akasema, "rudi nyuma hatua mbili, Mjomba." Nikarudi.

Msidhani hapakuwa na katazo. Wengi hudhani njia hii haina neno la hapana. Alipomrukia mzee kifuani, mzee aligeuka akampa mgongo mpaka miguu minne ikagusa chini, ndipo akapata chake. Alipobweka kudai chakula, chakula kilirudi ndani. Tena tulijenga ua wa miti kuzunguka anapolia chakula, na kuku wa jirani wakawekewa wavu. Kijana alisema mara nyingi kazi kubwa ni kumwondolea mbwa nafasi ya kukosea, lakini jambo hilo halina utamu wa kusimulia, kwa hiyo watu hawalisemi. Dagaa nao hawakumnenepesha, kwa kuwa walitolewa katika posho yake ya siku.

Na ulinzi? Nilidhani mbwa aliyelishwa kwa mkono mwema atawachekea wezi. Lakini kazi ya mbwa wa shamba si kuua mtu, ni kubweka kwa wakati. Mnyororo wa mchana tuliuondoa, akawa analijua shamba lote na watu wake, na asiyemjua humbwekea. Mzee hutoka na tochi, humwambia "basi", naye hunyamaza akalipwa. Zamani alikuwa akibweka usiku kucha, kwa mwezi, kwa komba, kwa nazi iliyoanguka, hata mzee akawa hatoki tena. Nazi sasa tunaangua wenyewe.

Nilimuuliza mpwa wangu kama mjukuu wangu anaweza kumkaribia tena. Hakunipamba. Alisema mbwa aliyeuma huenda akauma, na hakuna mfunzaji mkweli atakayetia sahihi kwamba haumi. Mtoto na mbwa wasiachwe pamoja pasi na mtu mzima, na wakati wa kula uwepo ua kati yao. Neno hilo ndilo nililompelekea binti yangu, bila kuongeza sukari. Pengine ndiyo sababu alilikubali. Mwezi wa saba baada ya kisa kile walikuja shamba, yeye na mtoto.

Mtoto alisimama nje ya ua, amemshika mamaye kanga. Doria alikuwa ndani, amelala kivulini. Mtoto akaniuliza, "Babu, anajua jina lake?" Nikamwambia amwite. Akamwita kwa sauti ndogo, na mbwa akainuka akaja mpaka karibu na miti ya ua, akaketi. Mtoto akarusha dagaa kwa mkono wenye kovu. Alirusha vibaya, dagaa akaangukia majanini, Doria akamtafuta kwa pua mpaka akampata, na mtoto akacheka.

Jua lilikuwa kali. Niliinua mkono kurekebisha kofia yangu, na Doria akalaza masikio, akainama mpaka tumbo likagusa mchanga.